Magoti ya Ulric Toppin

Mfupa wa nyonga ya Ulric Toppin ulivunjika chini ya mikono ya mkewe, sebuleni kwao, mchana wa Jumamosi moja ya Kwaresima. Haukupiga kelele ya kutisha. Ulilia kama gamba la kaa linapobanwa kwa meno, basi, na Ermine alidhani ni kochi. Kisha akamwona mumewe amefungua mdomo na hakuna sauti inayotoka.

"Nimekuumiza?"

Toppin alikuwa bado anatafuta pumzi.

"Toppin, sema. Nimekuumiza?"

"Toa mkono," akasema mwishowe. "Taratibu, bibie. Toa mkono."

Ermine aliinua mikono yote miwili akaiacha hewani, inang'aa mafuta ya mbuzi yaliyochanganywa na kungumanga, asijue aiweke wapi. Mikono hiyo ilikuwa imenyoosha nusu ya kijiji chetu cha Buccoo. Aliyeteguka kifundo cha mguu, aliyeamka shingo imekaza, aliyebeba mzigo mgongo ukakataa kunyooka, wote walipelekwa kwa Shangazi Ermine, wakaondoka wanatembea. Hakuwahi kumvunja mtu.

Binti yao Arlette, anayefua mashuka kwenye hoteli moja kule Crown Point, alitoka jikoni na kisu mkononi, shelisheli ameliacha nusu limemenywa. "Mama, umemfanya nini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Ndivyo mtu anavyouliza akimwona baba yake amegeuka rangi. Lakini Ermine alilibeba swali lile ndani ya gari la wagonjwa, akashuka nalo hospitali, na hakuna aliyempokea.


Magoti ya Toppin yalikuwa mali ya kijiji kizima. Tuliyazungumza kama tunavyozungumza mvua. Ujana wake wote alikimbia peku ubavuni mwa mbuzi, kamba mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, enzi hizo mashindano ya mbio za mbuzi yakifanyika kwenye barabara ya kokoto, si kwenye uwanja wa nyasi walio nao vijana wa leo. Alishinda mpaka watu wakachoka kumshangilia. Alipoacha kukimbia akawa anawafunza mbuzi wa wenzake, na kila asubuhi aliwaogelesha baharini kuwapa pumzi, anaingia majini jasho la kukimbia bado linamtiririka. Sasa hilo kwetu halihitaji daktari. Ukiutia mwili wa moto kwenye maji ya baridi, baridi inaingia kwenye viungo na inakaa humo. Magoti yalipovimba, yakapinda, yakaanza kusaga kama kinu cha kahawa, sote tulisema ni baridi ya bahari.

Kwa hiyo kabla ya Krismasi, maumivu yalipoanza nyongani, tukasema baridi imepanda. Yalipofika mgongoni tukasema imepanda tena. Ermine akaongeza mafuta, akakanda kwa nguvu zaidi. Toppin aliuma taulo, na mkewe akimaliza, Toppin alimwambia amepata nafuu, kwa sababu alimwona mkewe amelowa jasho na hakutaka lipotee bure.

Lilikuwapo jambo la pili, ambalo halikuzungumzwa. Miaka michache nyuma, kliniki walimpima kwa kidole na kwa damu, wakamwambia ana saratani ya tezi dume, ndogo, ya mwendo wa pole, haihitaji kisu. Arudi tu mara kwa mara waiangalie. Alirudi mara mbili. Kule kwenye duka la ramu, Clauzel Nedd, rafiki yake wa tangu utotoni, akamuuliza mbele ya watu kama yule daktari wa kidole ameshamposa au bado wanachumbiana. Watu walicheka mpaka wakashika meza, na Toppin akacheka nao. Miadi ya tatu ilipofika, goti lilikuwa limefura, na kukaa kutwa kwenye benchi la kliniki ilikuwa adhabu tupu. Akamtazama mkewe, anasubiri amwambie neno.

"Hiyo imelala, Toppin," Ermine alisema. "Kila ukienda kuichokoza ndiyo unaiamsha. Linalokutesa ni goti. Tushughulike na goti."

Alifurahi kuambiwa hivyo. Alivua viatu palepale.


Hospitalini walimweka kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, kati ya mlango wa choo na mashine ya soda, na shuka fupi lisilomfika miguuni. Kila mpita njia aliyaona magoti. Mhudumu mmoja akapaza sauti kutoka mwisho wa koridoni, "Huyu mzee wa mbuzi amevaa pampasi au nimletee?" Toppin, aliyewahi kubebwa mabegani kuzungushwa kijiji kizima, alifumba macho akajifanya amelala.

Daktari alikuwa msichana wa kutoka Trinidad, kisiwa cha jirani, aitwaye Ramdass, mwenye sauti ya chini. Aliwaita Ermine na Arlette kwenye chumba kidogo, akawaonyesha picha ya mifupa.

"Saratani imetoka kwenye tezi, imeingia kwenye mifupa. Nyonga hii imeliwa. Na hapa, kwenye uti wa mgongo, imeanza kula."

"Nilikuwa namkanda," Ermine akasema. "Umelia mkononi mwangu."

"Mama, mfupa huu ungevunjika hata akigeuka kitandani."

"Lakini haukuvunjika akigeuka kitandani."

Daktari alivuta faili lake. Akauliza maumivu ya nyonga yalianza lini.

"Kabla ya Krismasi," Arlette akajibu. "Tulijua ni goti. Baridi ilikuwa inapanda." Alijisikia anavyolisema mbele ya ile picha, akaona haya.

"Na kama angeendelea kuja kliniki?" Ermine akauliza. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Pengine tungeiona mapema."

"Mapema ya kumponya?"

"Mapema ya kumwongezea miaka, mama."

Arlette alisikia pumzi ya mama yake ikikatika. Yule daktari naye aliisikia, akamwonea huruma, na huruma ikamtoa neno ambalo labda angeliacha. "Usijibebeshe yote. Wapo watafiti wanaoshuku kwamba viungo vilivyosagika namna hii, ule uvimbe unaokaa ndani miaka na miaka, huenda unaichochea saratani ya tezi dume ikaenda mbio. Wengine wamechunguza, hawakuona kitu. Kwa hakika hakuna ajuaye bado."

"Unasema magoti ndiyo yameiamsha."

"Nasema huenda. Na huenda siyo."

Ermine aliichukua ile huenda ya kwanza. Ya pili aliiacha mezani kwa daktari.

Alikwenda nayo moja kwa moja mpaka kwenye kitanda cha mumewe. "Ni magoti, Toppin. Daktari amesema. Uvimbe wa magoti ndio umeipa mbio. Ni mbuzi."

"Amesema hivyo?"

"Amesema huenda, baba," Arlette akasema.

"Wewe nyamaza."

Toppin alitazama dari. "Ermine, mbuzi usiwatie kwenye jambo hili."

"Nani aliyekuharibu magoti kama si wao? Mara ngapi nimekwambia usiingie baharini na jasho?"

"Nisikilize. Shule sikusoma. Trinidad sikwenda kutafuta kazi kama wenzangu. Nyumba umeiona ilivyo. Kitu kimoja nilichokifanya vizuri tangu nizaliwe ni kukimbia na mbuzi. Ukiniambia hicho ndicho kilichoniua, mimi nabaki na nini?"

"Na mimi je?" Ermine akasema. Sauti ilimpanda bila yeye kutaka. "Isipokuwa mbuzi, ni nani? Ni mimi niliyekwambia imelala. Ni mikono yangu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliwaomba wapunguze sauti. Wakapunguza, lakini ugomvi ulibaki palepale. Jibu la kumtua mmoja lilikuwa la kumlemea mwenzake, na aliyekuwa na jibu hakuwapo, si pale hospitalini wala penginepo.


Walimtia chuma nyongani, wakamchoma sindano ya kuipunguza kasi saratani, wakamrudisha nyumbani na mpira wa mkojo na vidonge vya maumivu. Daktari Ramdass hakuwaficha: kupona hakupo. Akakataza kumkanda mgongo na nyonga, akarudia mara mbili huku anamtazama Ermine. Kitanda kikawekwa sebuleni, chini ya dirisha.

Siku chache baadaye miguu ikafa ganzi, yote miwili, kuanzia kiunoni. Kwa kuwa nyonga ilikuwa na chuma, hakuna aliyetarajia aisogeze, kwa hiyo hakuna aliyejua ila Arlette, aliyekuwa akimbadilisha shuka akammwagia chai ya moto mguuni bila yeye kushtuka.

"Usimwambie mama yako," Toppin akanong'ona. "Atasema ni yeye tena."

Arlette alimpigia daktari akiwa kazini, katikati ya mashine za kufulia. Daktari alisema aletwe upesi, asafirishwe ng'ambo Trinidad akachomwe mionzi, pengine miguu ingerudi. Toppin alikataa. Alisema hapakizwi kwenye ndege kama kreti ya soda ili akafie kwa watu. Arlette alilia, akabembeleza, akanuna, kisha akatunza siri kama alivyoombwa, na mpaka leo hajui kama alifanya vyema.

Mchana mmoja wanawake wawili walipita chini ya dirisha. Mmoja alikuwa Verlyn, jirani yao, kifundo cha mkono amekifunga kitambaa.

"Si ungeingia tu hapa kwa Shangazi Ermine?" mwenzake alimuuliza.

"Aliyemvunja mumewe? Nina mkono mmoja wa kufanyia kazi, mwenzangu."

"Na nasikia ndiye aliyemkataza kliniki."

"Ndiye. Mikono ile sasa ina mkosi. Mimi naenda kwa Mzee Orr kule Mount Pleasant."

Ermine alikuwa uani anaanika mashuka, na nyua za kijijini kwetu hazina kuta za kuzuia maneno. Aliingia ndani, akafungua bomba, akaosha mikono kwa sabuni muda mrefu sana. Toppin alisikiliza maji yakitiririka. Benchi la barazani, ambalo halikuwahi kukosa mtu anayesubiri kukandwa, lilikuwa tupu tangu siku ya hospitali, na paka alikuwa amezalia chini yake.


Wiki Takatifu, kamati ya mashindano ikaja kumwona. Alikuja Clauzel Nedd, katibu, na Bi Desvignes, mwenyekiti, amevaa kofia ya kanisani. Clauzel alileta fulana nyekundu ya zamani, ile aliyoivaa Toppin mashindanoni, iliyokuwa imetundikwa kwenye ukuta wa duka la ramu miaka yote hiyo.

"Jumanne ya Pasaka," Clauzel akasema, "kabla ya mbio za mwisho, tunalitaja jina lako kwenye kipaza sauti. Uwanja wote utasimama. Na wakimbizaji wote watafunga utepe mwekundu mkononi. Tumeshapitisha."

Toppin aliipokea kwa mikono miwili. Aliivuta fulana mpaka kidevuni, machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyaficha. Tangu aingie kitandani, hilo lilikuwa neno la kwanza la kumfurahisha.

Ermine alileta juisi ya pera kwenye sinia. Bi Desvignes alipokea glasi, akaitazama, akatazama mikono iliyoileta, akaiweka chini bila kuonja.

"Hivi Ermine, watu bado wanakuja kukandwa?"

"Hawaji."

"Wanaogopa," Bi Desvignes akasema kwa upole. "Uwaelewe tu, mpenzi. Mwili ni mwili."

Ermine alisema anaelewa. Akashika njia ya jikoni, na Toppin akamwona mgongo wake ulivyoinama, mgongo wa mwanamke aliyeinamia wagonjwa wa watu miaka arobaini. Akaiweka fulana kando.

"Clauzel, nisikilize, na wewe Bi Desvignes. Si Ermine. Daktari amesema. Uvimbe wa magoti ndio ulioipa saratani mbio. Mfupa ulikuwa umeshaliwa, hata kuku angeukanyaga ungevunjika. Mbuzi ndio walioniua."

"Usiseme hivyo, Toppin."

"Nasema. Kukimbia peku tangu nina miaka kumi na miwili, na kuingia baharini na mbuzi wenu. Hicho ndicho."

"Ndugu yangu, kuna wazazi wa vijana wanaofanya mazoezi sasa hivi. Kuna wageni watakuja. Maneno haya yakitoka hapa..."

"Yatoe," Toppin akasema. "Yapeleke duka la ramu. Mbona yale ya kidole uliyafikisha vizuri?"

Clauzel aliinamisha kichwa. Alitaka kusema kitu kuhusu ule utani, alikuwa anautafutia nafasi wiki nzima, lakini hakupata pa kuanzia. Mlangoni mwa jikoni Ermine alikuwa amesimama na sinia tupu. Alikuwa amepewa kile alichokigombania hospitalini, mbele ya mashahidi, na alitamani kirudishwe.


Clauzel alikuwa na makosa mengi, lakini deni la mdomo wake alililipa kwa mdomo uleule. Jioni hiyohiyo kijiji kizima kilijua kwamba Toppin ameuawa na mbuzi. Tulibishana sana. Wengine walisema mzee amechanganyikiwa kwa vidonge, wengine wakaanza kujipapasa magoti yao. Mama wawili waliwatoa vijana wao mazoezini. Na kesho yake Verlyn aliketi kwenye benchi la barazani na mkono wake uliovimba, ambao Mzee Orr alikuwa ameuharibu zaidi, akasema, "Shangazi, samahani kwa usumbufu." Ermine akaleta mafuta, akamkanda.

Kamati nayo ikakaa kikao. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyegombana. Walikubaliana tu kwamba mwaka huu si mwaka mzuri wa kulitaja lile jina, mbele ya wageni, baada ya maneno kama yale. Utepe wakasema utawapunguza mbio vijana. Hakuna aliyetumwa kwenda kumwambia Toppin, kwa kuwa kila mmoja alidhani atakwenda mwingine.

Jumanne ya Pasaka kijiji kilinuka mchuzi wa kaa. Kutoka kitandani Toppin alisikia kila kitu: ngoma, watoto, sauti ya mtangazaji ikitaja mbuzi mmoja mmoja na wenye mbuzi. Arlette alikuwa amemvisha fulana nyekundu. Ilimpwaya, ikamfanya aonekane kijana aliyeazima nguo. Mbio za kwanza zikapita, za pili, za tatu. Hakula. Alimwambia Ermine azime feni, inameza sauti.

Kisha mtangazaji akasema sasa ni mbio za mwisho. Toppin aliinua mkono kuwanyamazisha, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Mtangazaji akawashukuru wafadhili. Akamshukuru mchungaji. Akaomba mwenye gari la bluu aliondoe getini. Halafu kipenga kikalia, watu wakapiga kelele, mbuzi walikuwa wameshaondoka.

Mkono wa Toppin ukashuka polepole juu ya shuka.

"Upepo leo unapeleka sauti baharini," akasema.

"Ndiyo, baba," Arlette akasema. Pazia lilikuwa limetulia tuli. Akatoka nje kukaa na wale paka.

Ermine alikwenda kabatini akatoa chupa ya mafuta. Aliipasha moto kwenye maji, akarudi, akavuta kiti mpaka miguuni pa kitanda, akafunua shuka.

"Daktari amekataza," Toppin akasema.

"Amekataza mgongo na nyonga. Magoti hakuyataja."

Akaanza kukanda, taratibu, kuuzunguka mfupa wa goti kwa vidole gumba kama alivyofanya tangu wakiwa vijana. Nje walikuwa wanaimba.

"Wamekunyima jina kwa sababu yangu," akasema.

"Wamelisoma. Hatukusikia tu."

"Kwa nini uliwaambia vile, Toppin? Huamini hata neno moja."

"Daktari alisema huenda."

"Na huenda siyo."

"Ile nyingine sikuichukua," Toppin akasema. Alikuwa amefumba macho. "Kanda, bibie. Kanda hapo hapo."

"Unapata nafuu?"

"Napata. Mikono yako haijapoteza kitu."

Ermine alikuwa amekwisha toa mikono. Alikuwa anaifikia chupa iliyokuwa sakafuni, viganja vyote viwili viko mbali na kitanda, na mumewe, macho amefumba, akaendelea kuguna kwa raha.

"Hapo hapo," akasema. "Usitoe mkono. Baridi inashuka."

Ermine alibaki ameinama na chupa. Aliitazama miguu, akatazama uso wa mumewe, na mambo mengi ya wiki zile yakajipanga mbele yake bila kuambiwa na mtu: lile shuka lenye doa la chai, machozi ya Arlette, minong'ono ya baba na binti. Alikunja ngumi, akaikandamiza juu ya goti kwa nguvu zake zote, nguvu ya kumtoa mtu mzima kitini. Toppin hakufumbua hata jicho.

"Hapo?" akauliza.

Sauti ikamshtua Toppin kidogo, kama aliyesahau kwamba anatazamwa. "Hapo," akasema.

Ermine alimimina mafuta kiganjani, akairudisha mikono magotini, akaendelea kukanda mpaka giza likaingia na uwanja ukanyamaza.